Hapa Hatutaki Kusikia Sauti

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya plasta, mnaonipigia simu kuniuliza ati nilikuwa nikiwapa watoto nini hata wananyamaza, wacha niwajibu wote mara moja, halafu mniache nikakatie ng'ombe wangu majani. Sikuwa nawanyamazisha. Nilikuwa nawasemesha. Kunyamazisha nilijaribu miaka ya mwanzo, nikafaulu vizuri sana, na kufaulu kwangu nusura kumpotezee mtoto mkono. Mtoto huyo aliitwa Mwenda. Nitamfikia, msinikimbize.

Kwa wasionijua, mimi ni Karimi, fundi wa plasta mstaafu. Nimefunga mifupa hospitalini Meru mjini, nikahamishwa Embu miaka kadhaa, nikarudi Meru kumalizia. Ukisema fundi wa plasta watu wanafikiria nyumba. Jirani yangu mmoja alinifuata siku moja nimtazamie ufa wa jikoni, nikamwambia mimi nyufa ninazojua ni za watu.

Wagonjwa wangu wengi walikuwa watoto, na watoto wa hapa kwetu huvunjika kwa msimu. Makadamia zikikomaa, wanaanguka kutoka kwa makadamia. Avokado zikianza kunona, ni avokado. Shule zikifungwa ni baiskeli na mikokoteni ya punda. Ukinitajia mwezi naweza kukuambia kwenye benchi la nje wamekaa wa namna gani. Mfupa wenyewe si shida, daktari akishaunyoosha wewe unazungusha bendeji yako yenye chokaa, unalainisha, unangoja ikauke. Shida ni mwenye mfupa. Ana miaka tisa, hakujui, na umevaa koti jeupe sawasawa na la yule mtu aliyemdunga sindano wiki iliyopita.

Aliyenifundisha ni Mzee Hamisi wa Majengo. Babake alikuwa na bucha karibu na msikiti, na yeye alipenda kusema alijua mifupa kabla ya kujua kusoma. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, si kama chetu sisi tuliokiokota shuleni, na alikuwa akitucheka waziwazi. Mimi nikifungua mdomo tu alishika kichwa, akaniuliza hayo maneno nimeyafanya nini. Lakini mtoto akiingia, Mzee Hamisi hakuwa na haraka ya maneno hata kidogo. Alivuta stuli yake fupi, ile ya kukalia jikoni, akakaa chini ya macho ya mtoto. Magoti yakilia, alimwambia mtoto, "Umeyasikia? Hayo ndiyo yanafaa kufungwa, si wewe." Wengi walicheka hapo hapo.

Kitu cha kwanza alichonikataza ni lile swali letu. Mnalijua. Mtu mzima yeyote hapa Meru akikutana na mtoto njiani swali ni moja: wewe ni wa nani? Nilikuwa nauliza hivyo kila asubuhi, naona ndiyo adabu. Mzee Hamisi akanivuta kando, akaniambia mtoto ameshavunjika mkono, sasa unataka pia akutolee ukoo. Atakutajia babake, kisha mtanyamaza wote wawili, kwa sababu umemjua baba na mtoto bado humjui. Nilinuna siku nzima. Mimi nikiambiwa ukweli hununa kwanza, halafu nafuata.

Badala yake akanifundisha kuangalia vitu. Tazama viatu, tazama mifuko, tazama mkono mzima ameshika nini. Usianze na mtoto mwenyewe, anza na kitu chake, maana mtoto ukimwanza yeye anafikiri ana kesi. Mwenye kiraka kizuri kwenye sweta mwambie aliyeshona hicho anajua kushona. Atakuambia ni shosho, nyanya yake. Utasikia shosho ana macho mabovu lakini sindano haimshindi, utasikia kuku wa shosho, utasikia na jogoo anayefukuza mwalimu. Wakati huo bendeji iko mzunguko wa tatu.

Na wale wakubwa kidogo, wa miaka kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu? Hao wana njia yao. Ukiwaongelesha kama watoto wadogo umekwisha. Ukiwatazama usoni wanajifunga. Hao wape kazi. Nilikuwa nampa ndoo, namwambia aweke mkono mzima ndani, aniambie maji ni baridi au ni vuguvugu, kwa sababu vidole vyangu vimezoea na havijui tena. Kwa hiyo tunatazama maji sote wawili, hakuna anayemtazama mwenzake, na maneno yanakuja yenyewe. Chokaa ya plasta hupata joto ikianza kukauka. Nawaambia mapema kwamba itapata joto mpaka afikiri kuna mtu anapika chapati humo ndani. Ikifika kweli, mtoto anakuangalia. Anajua sasa kwamba ukisema jambo, linatokea hivyo.

Hapo wacha niseme jambo moja kwa ukali, msicheke. Usimwambie mtoto haitauma kama itauma. Ukimdanganya leo utamfunga plasta leo, lakini kesho akirudi hutapata hata salamu. Mwambie itauma kidogo wakati wa kuinua, kisha itapungua. Na mazungumzo yako na mtoto ni ya mlango wazi, mzazi au mlezi wake yupo pale anasikia. Hakuna siri za chumba cha plasta. Mtu mzima anayemwambia mtoto usimwambie mama, huyo hatafuti urafiki, na mimi ningemtoa nje kwa ndoo yake ya maji. Ukitaka kujua kama mazungumzo yako ni mazuri, jiulize kama ungeyarudia mbele ya shosho yake.

Tena shosho wenyewe! Nikiwa Embu waliletwa wawili kutoka Gachoka, msichana wa miaka kumi anaitwa Igoki, na nyanya yake, anayeitwa pia Igoki. Mnajua kule mtoto huchukua jina la nyanya, na akishalichukua wanakuwa kama marika, wanagombana kama marika. Nilimuuliza mdogo alianguka vipi, mkubwa akajibu. Nilimuuliza mdogo anasoma darasa la ngapi, mkubwa akajibu. Niliuliza mkono upi unauma, na huo mkono ulikuwa umepinda mbele yetu sote, mkubwa akanionyesha wake. Nikaona hapa sitapata neno. Nikamgeukia yule mkubwa, nikamwambia nimesikia mwenye jina hili huwa mkaidi, sijui ni huyu mdogo aliyelianza au alilikuta. Halafu mdogo akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Nililikuta." Nyanya alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso, na kuanzia hapo alimwachia mwenzake aongee. Yule mtoto alikuwa na maneno! Niliambiwa mbuzi wote wa Gachoka kwa majina na tabia.

Hapo nilikuwa nimeshaiva kazini. Mwenda alikuja kabla, nikiwa na miaka minne kazini na kichwa kikubwa.

Mwenda alikuwa wa darasa la nane, mtoto wa mkulima wa chai wa kule juu. Alianguka kutoka kwa makadamia, akavunjika mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo. Babake alimleta akiwa amevaa koti la kanisani, mtu mpole lakini mkavu, wale ambao salamu yao ni fupi na wanaisema mara moja tu. Siku hiyo Mzee Hamisi alikuwa wodini. Chumba kilikuwa changu, na mimi nilikuwa na furaha ya kuwa na chumba.

Nikamtazama kijana. Mdomo unatetemeka, machozi yamefika kingoni. Nikatafuta neno la kumchangamsha, na lile lililo karibu mdomoni kwa kila mtu wa hapa likatoka. Kijana wa hapa akimaliza la nane, Disemba anaingia jandoni, na huko kulia ni aibu. Mwaka mzima ule kila mjomba, kila jirani, kila muuza ndizi wa soko la Gakoromone anamkumbusha. Na mimi nikasema kwa sauti ya utani kabisa, "Wewe si ndiye wa Disemba? Basi hapa hatutaki kusikia sauti."

Baba akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu waingie. Mwenda akameza. Machozi yakarudi yalikotoka, sijui vipi. Nikamfunga plasta kutoka mwanzo wa vidole hadi juu ya kiwiko, hakutoa hata pumzi kubwa. Nilijiona nimekuwa fundi wa kweli. Nikamwambia baba wakiona kitu chochote warudi, na hata wasipoona kitu warudi kesho asubuhi, kama ilivyo kawaida. Nikamuuliza kijana iko sawa? Akasema iko sawa. Wakaenda.

Asubuhi yake walikuja mapema. Mzee Hamisi alikuwepo, amekaa dirishani na chai yake. Nikawaingiza kwa bashasha. Baba akatangaza, hata kabla ya kukaa, kwamba kijana hajalia hata mara moja, ila tu hakula chakula, na kwamba mamake amefurahi sana kuona amekomaa. Mwenda alikuwa amevuta mkono wa sweta ukafunika vidole vyote. Nikamuuliza uko sawa? Niko sawa. Kunauma? Hakuumi. Nikaanza kuandika kwenye kadi yake kwamba hakuna shida, warudi baada ya wiki.

Nilikuwa naandika kweli. Kalamu ilikuwa kwenye karatasi.

Mzee Hamisi akaweka kikombe chini. Alitia mkono kwenye mfuko wa koti, na mfuko ule ulikuwa duka, ulikuwa na vifungo, kifuniko cha chupa, nyuzi, na bano tatu, zile gololi za watoto. Akashuka sakafuni kwa magoti yake yale yanayolia, akapanga bano mbili karibu na mguu wa meza, ya tatu akaishika ovyo kati ya kidole cha pili na cha tatu, akaipiga. Ikaenda chini ya kabati. Akatambaa kuifuata, mzee mzima, akairudisha, akapiga tena vibaya zaidi. Hakumwangalia mtoto. Alikuwa analalamika peke yake kwamba zamani alikuwa hodari, sijui siku hizi bano zimekuwaje.

Mara ya tatu Mwenda akasema, "Si hivyo."

Baba akamkemea, akamwambia mtoto hamsahihishi mzee. Mzee Hamisi akiwa bado chini akamwomba baba amwache, maana yeye ameshindwa na angependa kuonyeshwa.

Mwenda akateremka kwenye benchi. Akachukua bano kwa mkono wa kushoto, akauvuta mkono wa sweta nyuma ili aiweke kwenye vidole vya kulia, na hapo tukaviona. Vilikuwa vinene, vinang'aa, na rangi yake haikuwa rangi ya mtoto yule. Akaiweka bano juu ya kidole. Ikaanguka. Akaiokota akaiweka tena, ikaanguka tena. Akajaribu mara ya tatu, na sasa alikuwa amejiuma mdomo wa chini kwa nguvu.

"Inakataa?" Mzee Hamisi akauliza, taratibu tu, kama mtu anayeuliza habari ya bano.

"Vidole havinisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na ulikaa nayo hivyo. Kwa nini hukusema?"

Hakumtazama babake. Alininyooshea kidevu mimi. "Huyu alisema hawataki kusikia sauti."

Sikumbuki nani alimwita daktari. Nakumbuka Mzee Hamisi akiniwekea msumeno wa plasta mkononi na kuniambia nipasue yote, mpaka kwenye ngozi, nisiache hata uzi wa pamba. Nilipasua yote. Yeye alimshika mtoto bega, akamwambia sasa hapa tunataka sauti, tunaitaka kubwa, anisaidie kujua ninapogusa. Na Mwenda akapiga ukelele. Alipiga ukelele wa siku nzima, hadi watu wa kwenye benchi la nje wakasimama. Babake alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, ameigeuzageuza mpaka ikakunjika.

Daktari alikuja, akatazama, akabonyeza kucha moja baada ya nyingine na kungoja damu irudi. Tulingoja wote. Kucha ya kwanza ilirudi waridi, halafu ya pili. Alituambia kwamba tungechelewa hadi jioni angekuwa anazungumza na baba huyu habari nyingine kabisa. Tena kama tungengoja wiki niliyotaka kuandika, mnajua wenyewe. Mwenda alilazwa siku mbili, mkono umeinuliwa, halafu tukamfunga upya kwa nafasi.

Mchana Mzee Hamisi alinipa chai. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Nilitegemea atanikaripia. Akaniambia kuna methali inasema mficha maradhi kifo kitamuumbua, na watu wanapenda kuwasomea wagonjwa methali hiyo. Lakini mtoto hafichi, akasema. Mtoto hutii. Ukimwambia akae kimya, anakaa. Kisha akaniambia jambo ambalo nilikuja kulifanyia kazi maisha yangu yote: swali ambalo adabu imeshalijibu usimuulize mtoto. Uko sawa, adabu inasema niko sawa. Kunauma, Disemba inasema hakuumi. Uliza kitu ambacho yeye anakijua na wewe hukijui, au kosea makusudi mbele yake, kwa sababu hakuna mtoto duniani anayeweza kuvumilia mtu mzima akikosea.

Basi nikawa mtu wa kukosea. Nilihesabu vibaya mizunguko ya bendeji. Niliita punda farasi. Nilisema ndengu zinapandwa Meru juu kwenye baridi, na watoto wa kutoka Mbeere, kwenye joto zinakostawi, wakanishangaa mpaka wakasahau kulia. Siku hizi mnafanya hivyo kwa simu, nasikia mnawawekea katuni wakiingia tu. Katuni ni nzuri, sikatai. Lakini katuni haitakuambia kama vidole vya mtoto vinasikia. Ukimwekea katuni, basi bonyeza isimame, umuulize yule sungura ameenda wapi, na ukosee.

Lakini naogopa mtasema Karimi alikosea, akafundishwa, akawa hodari, mambo kwisha. Kulikuwa na deni jingine, nalo ndilo lililonitesa.

Mwenda alirudi kila wiki kwa wiki sita. Nilimkuta anaongea. Hakuwa mkimya hata kidogo, alikuwa amefunikwa tu. Alinifundisha bano. Aliniambia ana mbuzi anayeitwa Naibu, kwa sababu kila mahali lazima afike wa pili. Plasta yake ilijaa maandishi, majina ya darasa zima, mchoro wa Naibu, na mahali mtu alikuwa ameandika hesabu ili asiisahau. Tulikuwa marafiki. Na kila wiki nilijiambia leo nitamwomba msamaha, na kila wiki nilimnunulia mandazi.

Nyinyi ni wa hapa, mnanielewa. Mtu mzima wa kwetu hamwombi mtoto msamaha. Nani alishawahi kuombwa? Babangu alinichapa mara moja kwa kikombe ambacho paka alivunja, na alipoujua ukweli aliniletea muwa kutoka sokoni. Muwa ndio ulikuwa msamaha. Tulikula wote, hakuna aliyetaja kikombe. Kwa hiyo mimi nilileta mandazi nikaona nimemaliza. Wiki ya nne Mzee Hamisi aliniuliza mandazi hayo ni ya nini. Nikamwambia ni ya mtoto. Akanitazama juu ya miwani yake. "Mtoto hana njaa, Karimi," akasema, akaendelea kukata pamba.

Kuanzisha mazungumzo nilikuwa ninajua tayari. Hili moja lilinishinda. Niliogopa nini, mnaniuliza? Niliogopa baba atanidharau. Niliogopa mtoto atakumbuka, kama kwamba alikuwa amesahau. Zaidi niliogopa atasema sawa tu kwa adabu, na nisijue kama ni sawa.

Wiki ya sita plasta ilikuwa inatoka. Baba alikuwepo, koti lile lile la kanisani. Nikawasha msumeno, nikauweka kwanza kwenye kiganja changu, ndivyo nilivyofanya hadi nikastaafu, waone kwamba unatetemeka tu na haukati ngozi. Mwenda akacheka, akasema ameshaujua. Nikauzima. Nikavuta ile stuli fupi, nikakaa. Nikachukua bano ya Mzee Hamisi mezani, si ya kucheza, nilitaka tu kitu cha kutazama.

Nikasema, "Mwenda, siku ile ya kwanza nilikosea. Nilikwambia hatutaki kusikia sauti. Ilikuwa ni kosa langu, si lako. Nisamehe."

Baba alikohoa. Mwenda aliitazama bano na mimi naitazama bano. Hakusema sawa. Ningependa kuwaambia alisema kitu kikubwa, lakini alikuwa na miaka kumi na tatu. Aliniuliza kama plasta ikitoka anaweza kwenda nayo nyumbani.

Nikamwambia inanuka. Akasema anajua.

Basi nikaikata pande mbili, nikaitoa vipande viwili vizima, nikauosha mkono uliokuwa mwembamba na wenye magamba. Akafungua vidole, akafunga, akafungua. Akaichukua bano kwa mkono ule, akaipiga kwenye sakafu, ikaenda taratibu na kombo lakini ikaenda. Sote tuliifuata kwa macho hadi ilipogonga ukuta. Kisha akachukua kipande kimoja cha plasta, akakigeuza upande wa ndani ulio mweupe bila maandishi, akanipa pamoja na kalamu yangu mwenyewe.

"Andika ilikuwa inauma."

Nikaandika: Ilikuwa inauma sana.

Akainama kusoma. "Usiandike sana," akasema. "Ilikuwa inauma tu."

Nikakata neno hilo.

"Na uandike nilisema. Wale tutakaoingia nao Disemba wataniuliza."

Nikaandika: Alisema. Nikaweka jina langu na kazi yangu. Mwenda aliangalia, hakuridhika. Alikuwa anatazama mezani, kwenye ule muhuri wa chumba tuliokuwa tukigonga kwenye kadi za wagonjwa. Nikamgeukia babake, maana muhuri ni kitu cha serikali, na pia kwa sababu nilitaka kujua yeye anasemaje. Baba yule aliweka kofia kichwani, akaishusha vizuri mpaka kwenye nyusi.

"Mgongee, daktari," akasema. "Ugonge vizuri, usomeke."

Nikagonga mara mbili.